Gari la Milango Miwili Bunia: Angalia Kwanza Kilicho Chini Yake

Kila linapopita gari la chini la milango miwili kwenye bulevari ya Libération, vijana wa Bunia husimama. Mwenye pikipiki hupunguza mwendo, mama wa samaki hugeuza shingo, na hakosekani mtu wa kusema, "Ile ni Mustang," hata kama si Mustang. Mimi nimeyapenda magari haya tangu utoto, kwa hiyo siandiki ili nikukataze. Naandika kwa sababu nimeona mengi mno yakiwa yamepandishwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, nyasi zimefika madirishani, na mwenyewe bado analipa deni alilokopa kulinunua. Mara nyingi kilicholisimamisha si barabara wala uzee. Ni kipuri kimoja kilichokosekana.

Na mimi yalinikuta. Gari langu la kwanza la namna hii nililinunua kwa macho. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na muuzaji alikuwa ameliosha hata tumbo. Mwezi wa pili jiwe lililoruka kutoka tairi la lori lilipasua kioo cha mbele. Injini ilikuwa nzima, matairi mapya, lakini gari lilikaa wiki saba likisubiri kioo kutoka Kampala. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu gari la michezo, swali langu la kwanza ni moja: chini ya umbo hilo kuna gari gani la kawaida?

Swali hilo ndilo historia yenyewe ya gari la michezo la Kimarekani.

Falcon iliyovaa suti

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Ford ilikuwa na gari la familia liitwalo Falcon. Lilikuwa gari la karani na la mwalimu: halina makuu, halili mafuta sana, na fundi wa mji wowote Marekani alilijua. Lee Iacocca, mmoja wa wakubwa wa Ford, aliona kwamba watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wanafikia umri wa kununua gari, na hawakutaka kuendesha gari la baba zao. Kutengeneza gari jipya kuanzia sifuri kungekula fedha nyingi na muda mrefu. Basi wahandisi, wakiongozwa na Donald Frey, walichukua sakafu, injini, giaboksi na sehemu nyingi nyingine za Falcon, wakazivika mwili mpya: boneti ndefu, nyuma fupi, paa limelala.

Tarehe 17 Aprili 1964 Mustang ilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ya kuanzia ikiwa dola 2,368. Siku ya kwanza wauzaji waliandika oda zipatazo 22,000. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 400,000, na kabla miaka miwili haijaisha gari la milioni moja lilikuwa limetoka kiwandani. Watu wengi hukumbuka zile zenye V8 na ngurumo yake, lakini Mustang ya bei ya chini ilitumia injini ya silinda 6 ya lita 2.8 ileile ya Falcon. Aliyeweza kutengeneza gari la mwalimu aliweza kutengeneza gari la ndoto. Kwa maoni yangu hilo liliiuza Mustang sawa na umbo lake, ingawa matangazo hayakulisema.

Wengine wakafuata: Chevrolet ikaleta Camaro ya mwaka 1967, Dodge ikaleta Challenger ya 1970. Mwaka 1973, kabla tu ya bei ya mafuta kupanda, Ford ilirudi kwenye mbinu ileile na kujenga Mustang ndogo juu ya sehemu za gari lake dogo la wakati huo, Pinto. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, Mustang iliacha magari ya kawaida nyuma. Ile ya mwaka 2005 ilikuwa na chasi yake, na ile ya mwaka 2015 ilipata mfumo mpya wa magurudumu ya nyuma na, kwa mara ya kwanza kutoka kiwandani, usukani wa kulia. Mwezi Agosti 2018 ilitengenezwa ya milioni kumi. Ni gari zuri sana. Ila Mustang ya leo haina Falcon chini yake, na hata ingekuwa nayo, Falcon haipo Bunia.

Falcon yetu inaitwa Carina

Toyota waliitazama Mustang wakajifunza. Kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo ya mwaka 1970 walitoa magari mawili kwa pamoja juu ya chasi moja: Celica, gari la michezo, na Carina, gari la familia. Msomaji wa Bunia hahitaji kuelezwa Carina ni nini. Ni gari ambalo fundi wa hapa hulifungua akiwa anazungumza na simu.

Na Celica ilijulikana Afrika Mashariki kabla ya kujulikana kwa vijana wa leo. Ilishinda mbio za Safari Rally za Kenya mara nane: 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, halafu miaka minne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Ushindi wa 1994 ulichukuliwa na Mkenya, Ian Duncan. Mbio hizo, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa za matope, mawe na vumbi kama letu. Magari ya mashindano yalikuwa yameimarishwa sana, wala usidhani Celica ya dukani itafanya yaleyale. Lakini jina hilo lilipatikana kwenye barabara za kwetu.

Ukitafuta leo, utakutana zaidi na Celica za vizazi viwili vya mwisho. Ya kwanza ni ile ya 1993 hadi 1999, yenye taa nne za mviringo mbele. Tafuta yenye injini ya 3S-FE. Ni injini ya lita 2 ambayo Toyota waliiweka pia kwenye Carina, Corona, Camry na RAV4 za zamani, na vipuri vyake havikosekani. Ya pili ni ile ya 1999 hadi 2006, yenye uso uliochongoka. Humo tafuta 1ZZ-FE ya lita 1.8, ambayo ni ndugu wa damu wa injini za Premio, Allion na RAV4 ya lita 1.8. Hiyo ina ugonjwa unaojulikana: zile za miaka ya mwanzo hula oili, kwa sababu matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo na huziba. Haikuzuii kununua, lakini inakulazimu kupima oili mbele ya muuzaji na kuangalia moshi, kama nitakavyoeleza.

Kuna ndugu wawili wadogo ambao watu huwasahau. Corolla Levin na Sprinter Trueno za miaka ya 1990 ni Corolla yenye milango miwili, basi. Zile zenye injini ya kawaida ya 5A-FE huhudumiwa kwa piesi za Corolla na Carina. Cynos, ambayo nje ya Japani iliitwa Paseo, ni Tercel iliyovaa vizuri. Haziwezi kukuumiza shingo kwa kasi. Kwa kijana anayenunua gari lake la kwanza mjini Bunia, ningemshauri Trueno kabla ya gari lingine lolote nililolitaja hapa.

Ziogope hizi, hata bei ikiwa ya kuvutia: Celica yenye turbo na magurudumu manne yanayovuta, Celica yenye injini ya 2ZZ-GE, na Mazda RX-8. Hiyo Mazda huuzwa rahisi na sababu ipo. Injini yake haina pistoni za kawaida, hula oili kwa maumbile yake, na ikichoka inahitaji fundi aliyejifunza injini za namna hiyo tu.

Jaribio la sokoni

Kabla ya kutoa hata dola moja ya kishika uchumba, chukua daftari, nenda kwenye maduka ya piesi, uliza vitu kumi vya gari unalolitaka: filta ya oili, mkanda wa injini, pampu ya maji, rejeta, plakete za breki, rulema ya gurudumu la mbele, rotili, kiungo cha ekseli, amotisa, na plagi. Uliza maduka matatu, usiulize moja. Mwenye duka akienda moja kwa moja kwenye rafu, andika bei. Akikwambia "nitakuagizia", andika hivyo. Ukipata saba mkononi, gari hilo linaweza kuishi Bunia. Ukipata vitatu, unanunua sanamu.

Kisha fungua ukurasa wa pili wa daftari, ambao wanunuzi wengi hawaufungui. Gari la michezo lililojengwa juu ya gari la kawaida hushiriki nalo vya ndani, lakini haliwezi kushiriki ngozi. Kioo cha mbele, vioo vya milango, taa, bampa na vioo vya pembeni ni vyake peke yake. Celica yenye injini ya Carina haitavaa taa ya Carina. Kwa hiyo gari hilo likiwa na taa iliyopasuka au kioo chenye ufa, usikubali maneno ya "hiyo ni kitu kidogo, utabadilisha." Kwenye gari la familia ni kitu kidogo. Kwenye hili, ndicho kitu kikubwa kuliko injini, kwa sababu injini utaipata. Milango nayo ni mirefu na mizito. Ifungue hadi mwisho, uinyanyue kidogo kwa mkono. Ikicheza, bawaba zimechoka.

Matairi usiyasahau. Bunia rimu za inchi 14 na 15 zina matairi kila mahali. Gari likija na rimu za inchi 18, kila pancha kubwa ni safari.

Ukiamua ni Mustang

Wapo watakaosoma yote haya na bado watataka Mustang. Sawa, twende pamoja.

Iliyo na usukani wa kulia kutoka kiwandani ni ya kizazi cha 2015 na kuendelea, na nyingi za hizo za mitumba hutoka Uingereza. Yenye usukani wa kushoto hupatikana sana kwenye masoko ya Dubai na Sharjah, ambako magari mengi ya Kimarekani yamefika baada ya kuuzwa Marekani kwenye minada ya magari yaliyopata ajali au kuzama kwenye mafuriko. Hununuliwa kwa bei ya chuma, hunyooshwa, hupakwa rangi, huuzwa tena. Hapo ndipo wengi huumia.

Namba ya chasi ya gari la Kimarekani ina alama 17. Utaiona kupitia kioo cha mbele, upande wa kushoto chini, na tena kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mustang iliyotengenezwa na Ford Marekani kuanzia 2015 huanza na 1FA. Alama ya kumi inataja mwaka: F ni 2015, G ni 2016, H ni 2017, J ni 2018. Namba hiyo ukiiingiza kwenye huduma za kulipia za historia ya magari ya Marekani, utaona kama gari liliwahi kuandikwa kuwa limeharibika. Malipo yake ni madogo kuliko usafiri wa kwenda Kampala. Hakikisha pia habari ya mifuko ya hewa: Mustang za 2005 hadi 2014 zimo kwenye magari yaliyoitwa kurudishwa kwa sababu ya vilipuzi vya kampuni ya Takata, ambavyo huharibika kwa joto na unyevunyevu na vinaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Gari la namna hiyo ambalo halijabadilishiwa sehemu hiyo usiliendeshe.

Kilomita nazo zina mtego. Gari la Marekani na la Uingereza huhesabu maili, na maili moja ni zaidi ya kilomita 1.6. Ukiona 90,000 kwenye dashibodi, gari limetembea kama kilomita 145,000.

Kuhusu injini, ile ya lita 2.3 yenye turbo hutumia mafuta kidogo kuliko V8 ya lita 5, lakini pampu na vipuliza vyake hufanya kazi kwa shinikizo kubwa na haviwezi kuvumilia esansi chafu. Kama utalazimika kujaza kwa mafuta ya chupa za kando ya njia, afadhali V8 ya 2015 hadi 2017 na gharama zake. Kimo cha Mustang kutoka ardhini hakifiki sentimita 15. Pima sentimita 15 kwa rula, kisha uende ukasimame mbele ya nyumba yako baada ya mvua, utazame mashimo.

Usukani, duane na karatasi

Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya Bunia yamepita Mombasa na Kampala, usukani uko kulia. Tumezoea, na mazoea hayo yanaua. Ukiwa nyuma ya lori, umekaa chini karibu na lami, usukani uko kulia, huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lako iko kwenye njia ya wengine. Usipite lori bila mtu wa kukaa kushoto kwako anayeona na unayemwamini. Halafu kuna taa: taa za magari ya Japani na Uingereza hurusha mwanga juu zaidi upande wa kushoto, na kwetu upande huo ndiko wanakotoka wengine. Mwambie fundi azishushe. Kazi ya nusu saa.

Kanuni za umri wa gari na upande wa usukani hutungwa na serikali na hubadilishwa. Kabla ya kulipa muuzaji wa Kampala au wa mtandaoni, nenda ofisi ya duane, DGDA, na mwaka wa gari, aina na ukubwa wa injini, uulize kwa mdomo wako. Usimtegemee dalali. Na usidanganyike na habari kwamba Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo gari lililonunuliwa Uganda halilipi. Gari lililotengenezwa Japani au Marekani haligeuki kuwa bidhaa ya jumuiya kwa kulala Kampala. Litalipiwa duane, na OCC, shirika la serikali la kukagua bidhaa, nao wana haki yao ya kulikagua.

Gari ambalo tayari liko Bunia lina faida moja kubwa: karatasi zake zinaonekana. Omba kadi ya waridi, iwe na jina la anayekuuzia, si la "kaka yangu aliye Kinshasa." Omba kitansi cha duane. Soma namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma. Kwenye Toyota nyingi iko kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Ipitishe kidole. Chuma kilichosuguliwa kisha kugongwa upya hakiko laini. Linganisha herufi kwa herufi na karatasi, kwa sababu magari ya wizi ya Kampala na Nairobi huvuka mipaka, na siku mwenyewe atakapotokea, fedha zako hazitarudi. Hati ya mauziano mkaiandike mbele ya mthibitishaji. Ukishalinunua, bima, plaki na vinyeti ziwe kwa jina lako mapema, maana gari la milango miwili huonekana na polisi wa barabarani kabla halijaonekana na mtu mwingine.

Kama gari liko ng'ambo, hesabu njia. Kutoka Mahagi hadi Bunia kwa barabara ya taifa namba 27 ni zaidi ya kilomita 150, na upande wa Aru na Ariwara ni mbali zaidi. Unajua kama mimi hali ya usalama kwenye barabara hizo tangu mashambulizi yalipoanza tena mwishoni mwa 2017, na jimbo letu liliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi Mei 2021. Ulizia madereva wa malori siku hiyohiyo, safiri mchana, pamoja na wengine. Gari la chini halifai kuja kwa magurudumu yake njia hiyo. Lipandishe juu ya lori tupu linalorudi, lifungwe kwa kamba kwenye magurudumu na si kwenye bampa, na uchague Desemba hadi Februari wakati ardhi imekauka.

Asubuhi ya ukaguzi

Hapa usiwe na haraka. Nenda alfajiri. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari na asubuhi zake zina ubaridi. Injini mbovu haipendi ubaridi. Mwambie muuzaji tangu jana asiliwashe gari. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya injini. Lazima iwe baridi.

Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kiwe kati ya alama mbili, na oili isiwe nyeupe kama chai ya maziwa, maana huo ni mchanganyiko na maji. Fungua rejeta, angalia kama kuna mafuta juu ya maji. Sasa mtu mwingine aliwashe, wewe simama nyuma. Moshi mweupe kidogo unaopotea ni umande. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji yanayoungua ndani. Wa bluu ni oili, na kama ni 1ZZ-FE, iache ivume dakika ishirini kisha ukanyage ghafla utazame tena. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi dawa yake ni nafuu.

Kwa 3S-FE na 5A-FE, tafuta kibandiko karibu na injini kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita ngapi. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Hakuna kibandiko? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na upunguze bei.

Kisha lala chini. Usione aibu kwa shati lako, beba kipande cha turubai. Gari lililooshwa tumboni asubuhi ya kuuzwa linaficha kitu; rudi kesho litakapokuwa limeendeshwa. Angalia karta ya oili kama imegongwa, maana ndiyo ya kwanza kukutana na mawe. Angalia mipira ya ekseli: ikichanika, udongo mwekundu huingia, na ndani ya miezi michache unaisikia ikigonga kila ukikata kona. Angalia kama mtu aliweka vikalio juu ya amotisa ili kulinyanyua. Sentimita mbili au tatu si mbaya kwa barabara zetu na mimi mwenyewe nimefanya. Zaidi ya hapo ekseli hukaa vibaya na matairi huliwa upande.

Mafuriko hayafichiki vizuri. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa: mstari wa matope kwenye kitambaa unakueleza maji yalifika wapi. Pitisha vidole chini ya viti kwenye reli. Nusa gari likiwa limefungwa madirisha. Ajali huonekana kwenye nafasi kati ya mlango na mwili, iwe sawa kushoto na kulia, na kwenye sumaku ndogo: funga kwenye kitambaa, ipitishe polepole juu ya bati. Inapoacha kushika, chini kuna mastiki ya fundi na si chuma. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime. Isiyowaka kabisa huenda imekatwa makusudi.

Ukiliendesha, usitarajie nguvu zote zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Kwenye mwinuko wetu injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na hilo si kosa la gari. Lipeleke lamini na kwenye udongo pia, zima redio, fungua madirisha, sikiliza.

Dola zako ziwe safi, zisizochanika, ili kusiwe na ubishi siku ya malipo. Na malipo yawe siku nyingine. Maliza ukaguzi, mshukuru muuzaji, nenda nyumbani na daftari lako, ujumlishe bei ya gari na bei ya kila ulichokiona kibovu. Ukimkuta muuzaji amekwisha kuliwasha gari kabla hujafika, na injini ni ya moto, usikague chochote. Mwambie kwa heshima kwamba utarudi kesho alfajiri, na urudi kweli.